When the Levee Breaks: ya 1929, ya Led Zeppelin au hizi za juzijuzi, ipi inakukamata?

mpenda_gitaa
Wakuu habari za jioni. Jana umeme ulikatika nikabaki na simu na hedifoni, bando lenyewe linaisha saa sita usiku, nikaona bora nilimalize kwa wimbo mmoja tu ila matoleo yote niliyoyapata. Ya asili ni ya Kansas Joe McCoy na mkewe Memphis Minnie, walirekodi New York tarehe 18 Juni 1929 kwa kampuni ya santuri ya Columbia, magitaa mawili na sauti ya Joe basi. Halafu bendi ya rock ya Uingereza, Led Zeppelin, 1971, dakika saba na ushee. A Perfect Circle 2004, hawa wameipoza mpaka inakuwa kama mtu ananong'ona msibani. Na Bob Dylan 2006, huyu kachukua kianzio tu akajijengea nyumba yake. Kwangu Zeppelin ndo mwisho wa maneno. Ile ya zamani, msinipige mawe, mtu anaimba mvua ikiendelea tuta litapasuka na hatakuwa na pa kukaa, af gitaa linarukaruka kama harusini. Haiingii akilini. Nyie mnasemaje?

kijana_wa_embu
Swali la kijinga wasee. Tuta? Huku kwetu tuta ni ile ya barabarani inakuvunjia shokabzoba. Ikipasuka si tutafurahi?

mpenda_gitaa
😂😂 Hapana mkuu, hili ni tuta la udongo kando ya mto Mississippi, refu maili na maili, la kuzuia maji yasiingie mashambani.

bi_santuri
Mdogo wangu mpenda_gitaa, mawe sikupigi ila kaa hapa kwanza. Wimbo ule unazungumzia mafuriko ya 1927. Mvua zilianza kumwagika toka 1926, mto ukajaa ukajaa, tarehe 21 Aprili 1927 tuta likapasuka pale Mounds Landing, juu kidogo ya mji wa Greenville, jimbo la Mississippi. Mpaka mto unatulia maji yalikuwa yamefunika kama kilomita za mraba 70,000 na watu zaidi ya laki sita hawana makazi. Sasa nani alikuwa anajaza mifuko ya mchanga juu ya tuta usiku kucha? Ni Weusi, wengine wamesimamiwa na bunduki. Na tuta lilipopasuka, pale Greenville watu kama 13,000, karibu wote Weusi, walikwama juu ya kile kipande cha tuta kilichobaki, meli zikaja, Wazungu wakapanda, Weusi wakazuiwa, kwa sababu wenye mashamba ya pamba waliogopa wakiondoka hawarudi tena na nani atachuma. Wengi baadae waliondoka kweli, wakaenda zao Chicago.

Kuhusu gitaa kurukaruka, watu hawa walikuwa wanapiga kwenye vilabu na mitaani, aliyekuja na senti yake kaja kucheza, hakuja kuomboleza. Unampa msiba wake ndani ya mdundo anaoweza kuuchezea. Wewe hujawahi kuona dansi la zamani wimbo unalia kufiwa na ukumbi mzima uko kati unasakata?

mpenda_gitaa
Hapo kwenye dansi umenishika dada.

fundi_spika
Mimi nitaongelea drams maana ndo kazi yangu, kufunga vyombo. Zile drams za Zeppelin hazikurekodiwa studio, zilirekodiwa Headley Grange, jumba la zamani la kutunzia maskini huko Hampshire, Uingereza. Mpiga drams wao John Bonham wakamuweka chini kwenye ukumbi wa ngazi, fundi mitambo Andy Johns akaning'iniza maiki mbili huko juu ghorofani, yani maiki iko mbali na ngoma kabisa, halafu akapitisha kwenye mashine ya mwangwi ya Binson. Kinachosikika pale ni ngoma pamoja na nyumba nzima. Af wakapunguza kasi ya tepu, kila kitu kikawa kizito kama tope. Na ile harmonika mwangwi wake umegeuzwa, unatangulia kabla ya sauti yenyewe. Nilishajaribu hio ya maiki juu kwenye ngazi za jengo moja hapa mjini, nikapata mwangwi mzuri tu na mlinzi akaja kunitoa 😅. Kundi la rap la Beastie Boys walizikata hizo drams wakafungulia albamu yao 1986, na si wao tu. Kwa hiyo kwangu Zeppelin, maji unayasikia yanakuja.

akinyi_wa_vinyl
Nakubali drams, lakini hebu tuongee kuhusu majina ya watunzi. Kwa albamu wameandikwa wote wanne wa Zeppelin na Memphis Minnie. Poa, angalau hapo waliandika, kwa sababu ile Whole Lotta Love yao hawakumwandika mtunzi wa blues Willie Dixon hadi akaenda kortini 1985. Lakini kwa hii ya 1929 anayeimba ni Joe! Jina lake liko wapi? Alikufa 1950 kwa hivyo hakuwepo hata kuuliza. Minnie alikuwa hai hiyo 1971, mgonjwa wa kiharusi huko Memphis, akafa 1973.

Na watu wasimuone kama mke wa mtu aliyeshikilia gitaa. Sikizeni tena, solo ni yeye, Joe anamshikia rithimu tu. Langston Hughes yule mshairi alimkuta Chicago mkesha wa mwaka mpya 1942, Minnie ameketi JUU YA FRIJI kwa kilabu anacharaza gitaa la umeme, akaandika gazetini. Gitaa la umeme 1942, juu ya friji. Jiwe la kaburi lake lilikuja kuwekwa 1996, pesa alitoa mwanamuziki Bonnie Raitt.

mtoto_wa_korogwe
Mbona hamumtaji mwimbaji wa blues Bessie Smith na ile Backwater Blues, si ndo wimbo wa kwanza wa haya mafuriko ya 1927?

bi_santuri
Watu wengi wanachanganya hapo mwanangu. Bessie alirekodi Februari 1927, tuta la Mounds Landing lilikuwa bado limesimama. Yale yalikuwa maji ya Nashville, mto Cumberland, Krismasi ya 1926. Ila santuri ilipotoka na mafuriko makubwa yakafika, watu wakaufanya wao. Ukitaka mtu wa hukohuko kwenye maji mtafute mwimbaji na mpiga gitaa Charley Patton, High Water Everywhere, 1929, sehemu mbili maana upande mmoja wa santuri enzi zile ulibeba dakika tatu tu. Anataja miji mmojammoja, anapiga kelele, anagonga gitaa kama mlango. Kwangu mimi huyo anawazidi wote mliowataja.

kijana_wa_embu
Nimeskiza zote nne sasa. Dylan inanibamba, iko na mwendo. Hiyo ya kunong'ona nimeruka.

fundi_spika
Dylan sio kava lakini mkuu, nusu ya maneno ni yake.

kijana_wa_embu
Si ndio maana inabamba.

mpenda_gitaa
Nimerudia ya 1929 sasa hivi, mara tatu, hedifoni zote mbili masikioni. Akinyi una haki, kuna pale Joe anamaliza mstari Minnie anajibu kwa nyuzi za chini, taratibu, kama mtu anaitikia "ndio, niliona". Mara ya kwanza ilinipita kabisa, nilikuwa nasubiri drams. Zeppelin bado namba moja ila sasa ni kwa tofauti ndogo tu. Patton nilianza kumshusha, bando limekata katikati, nitarudi kesho.