Vipeperushi vya afya: nakala moja kwa Afrika Mashariki yote, au Zanzibar iwe na yake?

Mfasiri, Mjini Unguja

Mimi nataka tuwe na yetu. Hebu tazameni "homa". Kwetu mwenye homa ni yule ambaye mwili unamchemka. Nairobi mtu akisema ana homa, mara nyingi anakusudia mafua. Kipeperushi cha kule kikiandika "homa ndogo, pumzika unywe maji", mama wa Micheweni atamlaza nyumbani mtoto anayetakiwa akapimwe malaria. "Mfereji" nao hivyo hivyo: kwetu ndio tunaoufungua kupata maji ya kunywa, bara wanaita bomba, na mfereji kwao ni mtaro. Ukiandika "msitumie maji ya mfereji" ukikusudia mtaro, hapa watu wataacha maji safi wakimbilie kisima. Na mwenye mzio wa njugu je? Hapa njugu ni karanga. Bara wengi hufahamu njugu mawe.

Mhariri wa vitabu vya skuli, Chake Chake

Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Hiki ni chetu, tusikikimbie. Tuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu 1967 na BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, tangu 2004. Wakae pamoja, wakubaliane. Mgonjwa wa Pemba anapelekwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, daktari wa bara anakuja hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Wote wasome karatasi moja. Neno likitofautiana, andika "mfereji, yaani bomba la maji" mara ya kwanza, kisha endelea. Haizidi nusu mstari.

Mtoa dawa, Wete

Mnagombania majina, na linalodhuru zaidi ni saa. Chukueni dawa mseto ya malaria. Mtu wa kilo 35 na zaidi anapewa vidonge 24: dozi 6, kila dozi vidonge 4, kwa siku 3. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza; zinazobaki ni asubuhi na jioni. Sasa karatasi inaandika "dozi ya pili saa 8". Aliyeanza saa 4 asubuhi anameza saa 8 mchana, saa nne tu zimepita, na alitakiwa angoje saa 12 jioni. Mwandishi alihesabu muda, msomaji akasoma saa ya ukutani. Hili halina Unguja wala Kenya, kosa ni moja pote.

Na "kutwa mara 3" kwenye amoksilini! Kutwa ni tangu kuche mpaka jua lizame. Mgonjwa anabana dozi tatu mchana, usiku kucha dawa inapungua mwilini, na bakteria wanapata nafasi. Mimi ningeandika saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Pia tusiandike 14:00 peke yake, maana wapo wasioihesabu kuwa ni saa 8 mchana.

Mfasiri, Mjini Unguja

Hilo la saa nakuunga mkono moja kwa moja. Lakini "yaani" ya Mhariri haitibu "homa". Inafaa kwa neno ambalo msomaji halijui. Homa kila mtu analijua, na kila mtu analijua vyengine; hana sababu ya kusita. Hapo uache jina, uandike dalili: mwili wa moto, kipimajoto cha kwapani nyuzi 37.5 au zaidi. Na kabla ya kuchapisha, wapewe kukisoma kipeperushi watu wa Tumbatu, Makunduchi na Konde. Asiulizwe mtu "umefahamu?", atajibu ndiyo kwa heshima. Aulizwe: "Mtoto akiwa hivi usiku huu, utafanya nini, na saa ngapi?" Jibu likienda kombo, sentensi ndiyo mbovu.

Mhariri wa vitabu vya skuli, Chake Chake

Kwa homa nimekubali. Lakini mwili wa moto na nyuzi 37.5 vinamfaa wa Kisumu kama vinavyomfaa wa Konde, kwa hivyo hiyo ni hoja ya kuandika vizuri, si ya kutenga nakala. Ya peke yetu ningeikubali kwenye lishe tu. Ukurasa wa chakula una tungule (nyanya), mbatata (viazi), njugu, boflo (mkate), mstari kwa mstari, na ukitia "yaani" kila mahali hausomeki tena.