Wageni 250, foleni moja ya chakula: tuwaiteje?

Wakuu, habari za jioni. Niko kamati ya harusi hapa Mtwara mjini. Kwenye harusi ya mpwa wangu mshereheshaji alitangaza tu "chakula tayari", ukumbi mzima ukainuka. Bibi yangu, aliyetoka Newala tangu alfajiri, alifika mezani akakuta ukoko wa pilau na mchuzi wa kuku usio na kuku. Inaniuma mpaka leo. Jumamosi tuna wageni 250. Nisaidieni.

Mpishi, Lindi: Pole sana ndugu yangu. Kwanza meza ya chakula isibanwe ukutani, ivuteni watu wapite pande zote mbili. Wali na kachumbari wajipakulie, ila kuku asimamiwe na mtu mwenye upawa mkononi. Mimi huacha sufuria moja ya kuku jikoni imefunikwa, haitoki mpaka meza za nyuma ziitwe.

Mshereheshaji, Masasi: Chakula sikitangazi kwenye kipaza sauti, ukisema "meza ya tano" na ya tisa inasimama. Namtuma kijana apite meza kwa meza. Foleni ikibaki watu wanne hivi, anakaribisha meza inayofuata.

Muulizaji: Asanteni mno. Na wazee?

Mpishi, Lindi: Wazee wapelekewe walipokaa, pamoja na maji ya kunawa, kabla hata ya meza kuu.

Muulizaji: Sawa. Sahani ya bibi nitaibeba mwenyewe.