Madereva wa 115: wabebe wajawazito tu, au na majeruhi wa ajali?

Wakuu, najua kuna watakaonirukia, lakini acha niulize.

m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga, tunaijua. Mjamzito akizidiwa, au kichanga, mtu anapiga 115 bure. Mhudumu wa kituo cha uratibu anauliza dalili, anajaza majibu kwenye programu, nayo inamwonyesha hospitali ya kumpeleka na usafiri uliopo. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anapigiwa dereva wa palepale kijijini, mwenye gari lake, aliyesajiliwa mapema. Akimfikisha mgonjwa, hela inaingia kwenye simu. Ilianzia Sengerema, ikaenda Shinyanga, na mwaka 2022 ikaanza kusambazwa nchi nzima.

Sasa bodaboda aliyevunjika paja Chalinze, kwa nini asiitiwe dereva kwa utaratibu huohuo? Kila likitokea janga tunaambiwa unakuja mfumo mpya wa kompyuta. Wa nini? Dereva haamki saa nane usiku kwa ajili ya programu. Anaamka kwa sababu nauli yake haina "njoo kesho". Na msiishie kwenye magari. Ndege ilipoangukia ziwani Bukoba, Novemba 6, 2022, waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao; kati ya watu 43, walipona 24. Watu kama wale wasajiliwe pia, kila mwalo.

*Mchangiaji:*
Mleta mada, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, umeiweka wapi? Mjamzito hana kesi. Majeruhi ana kesi, na aliyemshusha hospitali ndiye wa kwanza kuulizwa kama si yeye aliyemgonga. Halafu mtu aliyeumia mgongo, ukimkunja siti ya nyuma ya Noah umemmaliza. Na gari likiwa Chalinze na bodaboda wako, mama anayevuja damu asubiri? Fungu la wazazi lisiguswe.

*Mleta mada:*
Mkuu, hofu ya PF3 ndiyo inayofanya watu wapige picha badala ya kubeba. Simu ikipitia 115 kuna kumbukumbu: nani kamtuma dereva, saa ngapi, kutoka wapi. Polisi wakiikubali hiyo, dereva ana kinga ambayo leo hana. Kumbeba aliyeumia mgongo, dereva anaweza kufundishwa; kwa sasa majeruhi anarushwa nyuma ya Fuso, huyu kashika mikono, yule miguu. Fungu liwe jingine kabisa, na madereva waongezwe. Kila chombo cha moto barabarani kinatakiwa kisheria kuwa na bima. Kampuni za bima zichangie nauli hiyo. Anayepinga hilo aje na hesabu.