Kansa inakula sukari. Sasa mgonjwa ndiyo anyimwe ugali?

Mwana wa Makorora: Wakuu, habari za jioni. Mama mdogo ana kansa ya titi, yuko kwenye kemo. Shangazi kasoma kwamba chakula cha kansa ni sukari, basi nyumbani ugali marufuku, wali marufuku, chai kavu. Mama mdogo suruali zinamvuka. Nikisema, naambiwa sayansi iko upande wa shangazi. Hebu amueni.

Mkaa Benchi: Shangazi hajakosea, mkuu. Mjerumani Otto Warburg aliliona hilo miaka ya 1920: seli za kansa zinachachusha glukosi hata oksijeni ikiwa tele. Kipimo cha PET kinategemea hilohilo. Unachomwa glukosi yenye mionzi, uvimbe unaifakamia, picha inawaka. Adui tunajua anakula nini, halafu tumpikie?

Bi Zamu: Tatizo chungu ni kimoja. Mnyime mgonjwa wanga, ini litatengeneza glukosi kutoka kwenye protini, na protini hiyo inachotwa kwenye misuli yake. Uvimbe unakula, mama anakonda. Miaka yangu wodini nimeona kemo ikiahirishwa kwa sababu mgonjwa hana nguvu ya kuibeba. Soda mwondoleeni, sina ugomvi. Ugali na samaki mrudishieni.

Mkaa Benchi: Sawa dada, tuache sufuria. Dawa je? Metformini, dawa ya kisukari, ni bei chee, inashusha sukari, mbona hatuandikiwi? Au kwa kuwa haina faida kwa wenye viwanda?

Mfamasia Mstaafu: Hiyo ya viwanda tumeichoka, ndugu yangu. Metformini ilipimwa kwa wagonjwa 3,649, karibu wote wanawake, wenye kansa ya titi wasio na kisukari. Matokeo yalitoka 2022, na katika kundi kuu haikuzidi kidonge bandia.

Warburg aliona sawa, akatafsiri vibaya. Alidhani mitokondria za seli hizo, yaani vinu vyake vya nishati, zimeharibika. Kumbe kwenye uvimbe mwingi zinafanya kazi, ukiziba glukosi seli inahamia glutamini (kijenzi cha protini) au mafuta. Halafu seli nyekundu za damu hazina mitokondria kabisa, zinaishi kwa glukosi tu. Utamlenga nani umwache nani?

Njia hii ya kuinyima kansa chakula imezaa matunda pale ilipopatikana tofauti ya kweli. Asparajinesi, dawa ya leukemia (kansa ya damu) ya watoto, inafyeka asparajini, kijenzi kingine cha protini, kwenye damu. Seli nyingi zenye afya hujitengenezea yake, za leukemia hiyo haziwezi, zinakufa njaa. Ivosidenibu, dawa nyingine ya leukemia iliyoidhinishwa Marekani 2018, inazuia kimeng'enya cha IDH1 kilichoharibika, kwa wagonjwa wenye kasoro hiyo tu.

Mkaa Benchi: Mbona utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba kwa panya waliolishwa keto, lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo sana, dawa za kansa zinazozuia kimeng'enya cha PI3K zilifanya kazi vizuri zaidi?

Mfamasia Mstaafu: Kweli kabisa, kwa sababu lishe hiyo ilizuia insulini kupanda, na insulini ndiyo huiamsha tena PI3K. Ila soma mpaka mwisho: keto peke yake, bila dawa, iliharakisha leukemia kwa panya wenye kansa hiyo. Ndiyo maana nasema lishe ya namna hiyo iwe mikononi mwa daktari wake, isiwe ya shangazi.

Mwana wa Makorora: Nimemsomea uzi wote. Kanuna, ila kesho anakoroga uji wa karanga. Kopo la sukari bado kalificha chumbani kwake.