Vitu vya stoo ya Ujiji: gumzo la kikundi cha familia

Rehema: Asalaam aleikum wote. Shikamooni wakubwa. Fundi anakuja Jumatatu kubadilisha mabati upande wa stoo, kwa hiyo leo natoa kila kitu nje. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshapita, anaitaka hii.

Rehema: [picha]

Salma: Shikamoo mama mdogo. Hicho ni nini, jiko?

Rehema: Marahaba Salma. Hiyo ni karabai, taa ya mafuta.

Baba Mdogo: Waaleikum salaam. Rehema, usimpe mtu hiyo karabai! Nakuja kuichukua mwenyewe jioni.

Baba Mdogo: Salma mjukuu wangu, hiyo taa ndiyo iliyowasomesha hawa wakubwa wako. Tulikuwa tunatoka Kibirizi jua likizama, kila mtumbwi na karabai zake. Unajaza mafuta ya taa, unatia spiriti kwenye kikombe chake unaiwasha ili mafuta yapate moto, halafu unapiga pampu mpaka mkono unakufa ganzi. Kile kitambaa chake kikishaungua kinabaki majivu matupu, na hayo majivu ndiyo yanayotoa mwanga mweupe. Ukiyagusa kwa kidole yameisha. Wimbi likirusha maji kwenye kioo kikiwa cha moto, pa! Kimepasuka. Unakaa gizani unaangalia wenzio wanavuta dagaa.

Juma Tabora: Shikamoo mjomba. Na mafuta mlikuwa mnanunua kila siku?

Baba Mdogo: Marahaba. Kila siku tunayoingia ziwani. Mbalamwezi ikiwa kubwa tunabaki nchi kavu kushona nyavu, maana dagaa wanafuata mwanga, na ziwa zima likiwa na mwanga hawakusanyiki. Lakini usiku wa giza ukienda, asubuhi kwanza unatoa ya mafuta, unatoa ya spiriti, unatoa ya kioo kilichopasuka, ndipo mnagawana. Kuna asubuhi tulikuwa tunagawana salamu tu.

Baba Mdogo: Siku hizi vijana wana taa za LED na betri. Mchana wanachaji kwa sola, usiku wanabonyeza swichi.

Hamisi Dar: Shikamoo baba mdogo. Hizo taa nyeupe zilichelewa sana kupatikana. LED nyekundu ilikuwepo tangu 1962, lakini bila ya bluu yenye nguvu hupati taa nyeupe ya kuvulia wala ya kusomea. Ya bluu waliipata wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, miaka ya 1990 ilipoanza. Mwaka 2014 wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo.

Baba Mdogo: Mungu awalipe. Wakifika Kigoma waambie wana sahani ya migebuka kwangu.

Rehema: Naendelea. Redio ya National, haina mfuniko wa betri. Pasi ya mkaa. Vocha za kukwangua zimefungwa na mpira, sijui baba alikuwa anazitunzia nini. Na hii karatasi.

Rehema: [picha]

Rehema: Ni telegramu. Imeandikwa MAMA MGONJWA SANA NJOO.

Baba Mdogo: Hiyo niliipeleka posta mimi. Kaka alikuwa Tabora, kazini reli. Telegramu ilikuwa inalipiwa kwa neno, ndiyo maana unaona maneno yenyewe ni hayo tu.

Baba Mdogo: Na mama alikuwa ameshafariki, Rehema. Baba alikataa tuandike amefariki. Alisema mwanangu yuko peke yake ugenini, asiipokee habari hiyo kwenye karatasi. Kaka alielewa tu alipoisoma. Akapanda treni, akakuta tumeshazika.

Rehema: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Baba hakuwahi kunisimulia hili.

Baba Mdogo: Waliokuwa mbali zaidi walisikia kwenye redio. Saa ya matangazo ya vifo, Radio Tanzania Dar es Salaam, nyumba nzima inanyamaza, hata watoto. Unasikia jina, unasikia "popote alipo anaombwa afike", ndiyo umepewa habari. Na kama siku hiyo betri zimekwisha, umepitwa na msiba wa ndugu yako.

Juma Tabora: Mama alipolazwa nilikuwa naongea na daktari nikiwa kazini hapa Tabora, nikatuma hela ya dawa palepale, na usiku nikamuona uso wake. Mjomba ameniumiza roho na hiyo telegramu. Mtu anafika amekuta kaburi, si kwa kuwa hakutaka kuwahi.

Hamisi Dar: Hela nayo ilikuwa inasafiri kwa bahasha. Baba alikuwa anampa gadi wa treni, anamwambia mpe mke wangu stesheni Kigoma. Kutuma kwa simu Kenya walianza Machi 2007, sisi 2008. Kwangu hicho ndicho kitu kilichobadilisha nyumba yetu kuliko intaneti.

Rehema: Kuna na kaseti. Nyingi ni za taarabu. Moja ina mwandiko wa baba, imeandikwa TATU MWENYEWE. Imefungwa kwenye kipande cha khanga. Shangazi, hii ni nini?

Shangazi Tatu: [ujumbe wa sauti]

Shangazi Tatu: [ujumbe wa sauti]

Shangazi Tatu: [ujumbe wa sauti]

Hamisi Dar: Niko dukani Kariakoo, kelele nyingi, sisikii. Salma, tuandikie tafadhali.

Salma: Naandika kama Bibi alivyosema, neno kwa neno. Hapendi nifupishe.

Salma: "Rehema mwanangu, hiyo kaseti ni yangu. Ni sauti yangu. Nilidhani imekwisha zamani. Mimi shule sikwenda, mnajua. Barua zangu zote alikuwa anaandika mtu, na zikija anasoma mtu. Ikaja posa. Wazee wakakaa, wakamuandikia kaka Tabora kwamba Tatu ameridhika. Mimi sikuulizwa. Nikamuita kijana aliyekuwa anatuandikia barua mtaani, nikamwambia muandikie kaka, Tatu hataki. Akaandika, akanisomea, Tatu hataki. Nikashukuru. Barua ilipofika Tabora ilikuwa imeandikwa Tatu anakusalimia sana, yu mzima."

Salma: "Aliwaogopa wazee, simlaumu tena, ameshatangulia mbele ya haki. Basi jirani alirudi kutoka Bujumbura na redio kaseti, ile ya kurekodi. Nikamuomba mke wake. Tukajifungia chumbani, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaniambia sema. Nilikaa kimya kwanza, maana sijawahi kusema na mtu ambaye hayupo. Halafu nikasema yote. Nikamwambia kaka yule mtu simtaki, na sababu zangu nikampa. Tukaifunga kaseti kwenye kipande cha khanga yangu ili akiiona ajue imetoka kwangu, akapewa gadi wa treni."

Salma: "Kaka alikuja. Hakugombana na mtu. Alisubiri wazee wamemaliza kula, akaweka redio katikati ya mkeka, akawasikilizisha. Hakuna aliyesema kitu mpaka ilipokatika. Posa ikarudishwa wiki ileile. Juma, baba yako nilimtaka mwenyewe."

Juma Tabora: Mama.

Juma Tabora: Miaka yote hii nimekula mkononi mwako na sijui.

Baba Mdogo: Mimi nilikuwa mdogo. Nilichojua ni kwamba posa imerudi na baba hakusema na mtu siku kadhaa. Dada, pole sana. Na hongera.

Rehema: Nimekaa chini hapa uani na hii khanga mkononi. Shangazi, baba aliitunza mpaka anastaafu, akaja nayo Ujiji.

Hamisi Dar: Mimi natengeneza simu kila siku na sikuwahi kuliona jambo hili hivyo. SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Simu za mkononi zilipoenea kwetu miaka ya 2000, sisi tuliosoma tulishangilia, herufi 160 unasema na mtu popote. Lakini Shangazi alirudishwa palepale pa kusomewa. Nakumbuka alikuwa anampa simu mtoto yeyote anayepita, soma hapa kumeandikwa nini. Mpaka 2013 WhatsApp walipoweka ujumbe wa sauti, ndipo akaanza tena kujisemea mwenyewe.

Salma: Ni kweli mjomba. Bibi hajui kuandika hata jina langu lakini anajua picha ya kila mtu humu, anagusa, anashikilia kipaza sauti anasema. Shuleni wanatuambia watu wazima wanaachwa nyuma na teknolojia. Bibi naona teknolojia ndiyo iliyochelewa kumfikia.

Rehema: Umesema vizuri mwanangu.

Juma Tabora: Ila hapo kwenye sauti nina neno. Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazoiga sauti ya mtu, zinahitaji kipande kidogo tu cha kujifunzia. Mama anaamini sauti kuliko kitu chochote, na ana haki kuamini. Akisikia sauti yangu inalia, Mama nimepata ajali tuma hela, atatuma.

Baba Mdogo: Mimi kila wiki napata ile ya "hiyo hela tuma kwenye namba hii". Mwanzoni nilikuwa nafuta tu.

Hamisi Dar: Usifute baba mdogo, itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba ya huyo tapeli. Na kila mtu apige *106# aangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua nenda kaifute. Kwa Shangazi tufanye hivi: yeyote atakayemuomba hela, hata sauti iwe ya Juma, Salma akate ampigie Juma kwa namba yake ya siku zote, na Bibi aulize swali ambalo halijawahi kuandikwa humu.

Juma Tabora: Nimekubali. Na swali achague mwenyewe, tusilijue mpaka aulize.

Rehema: Sasa kaseti. Hapa kwa jirani kuna redio kaseti, niijaribu?

Hamisi Dar: HAPANA. Tafadhali dada. Stoo ile ina unyevu, utepe unaweza kuwa umeshika ukungu au umegandana. Redio iliyokaa bila kutumika mpira wake unalegea, itautafuna. Fanya hivi tu: itazame kwenye mwanga kupitia kidirisha chake, kama unaona vumbi jeupe kwenye utepe niambie. Usiipanguse, usiipeleke mbele wala nyuma. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, mahali pakavu, mbali na spika, maana spika zina sumaku.

Rehema: Naona kidogo jeupe pembeni. Utepe haujakatika.

Hamisi Dar: Pembeni si mbaya. Mwezi ujao nikija likizo nakuja na deki yangu na kompyuta. Kwanza nitaihamishia kwenye ganda jipya kama skrubu zinafunguka, nisafishe, niizungushe taratibu kwa kalamu. Halafu waya mmoja kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, na inapigwa mara moja tu mwanzo mpaka mwisho huku inarekodiwa. Tukishapata faili tunahifadhi nakala kwenye kompyuta, kwenye flashi na moja mtandaoni. Simu pekee haitoshi, simu zinaibiwa na zinatumbukia ziwani.

Baba Mdogo: Yangu ilitumbukia na picha zote za harusi ya Hamisi.

Juma Tabora: Ukishamaliza iweke humu kikundini tusikie sote. Watoto wangu nao wasikie.

Salma: Subirini, Bibi anarekodi.

Shangazi Tatu: [ujumbe wa sauti]

Salma: "Hamisi, nakushukuru. Lakini usiiweke humo kwanza. Mle ndani nimetaja watu, na watoto wao wapo, wengine tunasali nao. Njoo nayo Kasulu, unisikilizishe mimi peke yangu. Nikishasikia nilisema nini, nitawaambia kipi kiende kwa watu na kipi kibaki. Na kama sitaki kiende chochote, pia mnielewe."

Hamisi Dar: Sawa Shangazi. Natoka Dar naja moja kwa moja Kasulu, sipiti kwa mtu.

Juma Tabora: Nimeelewa Mama. Nisamehe kwa haraka yangu.

Rehema: Ipo kwenye bahasha, nimeandika jina lako juu. Hakuna atakayeigusa.

Rehema: Baba Mdogo, mwenye vyuma chakavu amerudi, njoo upesi.

Baba Mdogo: Nipo kwenye bodaboda.