Mrejesho: elki aliyeitika bila kusogea, Colorado

Asanteni sana. Niliuliza kwa nini dume la elki (paa mkubwa wa Amerika Kaskazini) huitikia Septemba mwito wa mwindaji anayeiga sauti yake, kisha hugoma kusogea akiwa mita 80 mbali. Ni upepo kweli. Alfajiri hewa baridi huteremka bondeni; jua likipasha mteremko, hupanda. Dume huzunguka anuse kwanza harufu inayoletwa na upepo. Basi mwitaji alikaa mita 50 nyuma ya mpiga mshale, naye mpigaji akasogea upande upepo unakoelekea. Poda ya kichupa, inayopulizwa kuonyesha upepo, ilionyesha hewa ikigeuka saa tatu asubuhi, chembe zikielea kwanza, kisha zikapanda. Dume likaja hadi mita 27, ubavu wazi; mshale ukaingia nyuma ya bega. Damu ya waridi yenye povu: mapafu! Hata hivyo tulingoja nusu saa kabla ya kumfuata. Nanyi mkiua elki, mchuneni upesi, paja huanza kuoza mfupani.