Asiransi ya mafuriko kwa nyumba na depo: niulize nini mbele ya kusaini kontra?

MamaFarini_Kampemba
Bandugu, jambo yenu. Niko na depo ya unga na sukari huku Kampemba, Lubumbashi, nyuma yake njo nyumba tunalala, yote mu parsele moja ya kupanga. Pahali petu ni chini, mvula ikinyesha sana mayi ya barabara yote inateremuka kwetu juu kanivo zimejaa plastiki. Novemba iko karibu, nataka nilipe asiransi mbele mvula ianze. Ajan mumoja aliniletea multiriski, ile asiransi ya hatari mingi mu kontra moja, akasema "mayi iko ndani", na bei haiko mbaya. Niweke nyumba na depo pamoja? Niangalie nini? Mtaji yangu yote iko mu ile mifuko.

Yaya_Kontra
Mama, mayi iko ndani, lakini mayi gani? Ile garanti ya "dégâts des eaux" mara mingi inahusu tiyo kupasuka, rezervwari kumwangika, ao manjanja kuvuja. Mutoni ikifurika, ao mvula ikikimbia barabarani mpaka inaingia mu mulango, ile ni inondasio, na kontra mingi zinaitosha inje mpaka uombe iongezwe na ulipe zaidi. Kwa hiyo ukurasa ya eksklizio, ile bintu asiransi hailipi, njo usome mbele ya bei, na kile ajan anasema akiandike, mudomo hailipi.

Kisha franshizi, ile sehemu unabeba weye mwenyewe. Ikiwa kubwa sana, mayi ya kila mwaka utalipa weye tu. Na usipunguze valeri ya stok juu ya kupata bei ya chini!! Stok ikiwa dola 20.000 ukatangaza 10.000, mayi ikaharibisha ya 4.000, wanahesabu nusu: 2.000 paka, na franshizi inatoka tena pale. Bantu mingi banalilia hapo.

Papa_wa_Katuba
Mi naongeza kitu moja. Kontra mingi ya depo inaomba bidhaa isiguse chini, mara mingi sentimetre 10 ao zaidi. Weka palete hata kama hawakuomba. Mayi ya vidole viwili juu ya saruji inatosha, mufuko ya chini inanyonya, inavimba, inapasuka, na ile yote iko juu inaanguka ndani ya matope. Fakitire na daftari ya stok usiviache mu depo, piga picha kila mwisho wa mwezi utumie mutoto wako ku WhatsApp, juu bila ushahidi ekspere, ule asiransi inatuma kupima hasara, atahesabu paka kile anaona.

MamaFarini_Kampemba
Aksanti sana. Na ile ya nyumba?

Yaya_Kontra
Kama munapanga, kuta ni ya bailleri, mwenye nyumba, weye unaasiri bintu byako. Lakini kontra ya nyumba ya kulala mara mingi haichungi bidhaa ya biashara, basi sema wazi kama depo iko mu parsele, ukificha unawapa sababu ya kukatala. Tena uliza garanti ya kazi kusimama, juu wiki tatu bila kuuza inaua biashara hata kama unga ililipwa.

Kuhusu kampuni: tangu sheria ya Kongo ya 2015 SONAS, ile kampuni ya asiransi ya serikali, haiko tena peke yake, kuko kampuni za pripri, lakini kila moja lazima iwe na ruhusa ya ARCA, ile ofisi ya serikali inachunga kampuni za asiransi. Omba kuona ile karatasi. Na ajan aje mwenyewe aone pale chini mayi inapitia, aiandike mu kontra mbele ya kusaini, kusudi kesho wasiseme hawakujua.